Huawei walitoa wapi chipu ya Mate 60 Pro?

Ndugu, umeuliza Huawei waliipataje chipu ya simu yao ya Mate 60 Pro mwaka 2023 ilhali Marekani iliwawekea vikwazo tangu 2019. Hawakuitengeneza peke yao. Waliibuni kupitia HiSilicon, kampuni yao tanzu, kisha ikazalishwa na SMIC, kampuni nyingine ya China, kwa teknolojia ya nanomita 7 (namba ikiwa ndogo, chipu ni ya kisasa zaidi). Utamu uko hapa: SMIC hawana mashine za kisasa zaidi za kuchora chipu kwa mwanga, za kampuni ya ASML ya Uholanzi, maana zimezuiwa kuuzwa China. Wanatumia za ASML za kizazi cha nyuma, wanarudia kuchora kwa mwanga mara kadhaa juu ya tabaka lile lile. Inawezekana, ila gharama inapanda na chipu zinazoharibika huwa nyingi.

Kingine ambacho watu hawakitaji ni pesa. Mwaka huo huo wa 2023 utafiti wa Huawei ulikula yuan bilioni 164.7, zaidi ya asilimia 23 ya mapato yao. Honor, chapa yao nyingine ya simu, waliiuza 2020 ili angalau yenyewe ipumue na vikwazo. HarmonyOS NEXT ya 2024, mfumo wao wa kuendeshea simu, nayo imeachana na programu za Android. Kujitegemea kabisa? Bado, kwa maoni yangu. Hizo mashine za Uholanzi za kizazi cha nyuma zingali mle kiwandani mwa SMIC.