Kuacha sigara: panga kwa ajili ya siku ya tatu

Ndugu, umesema unavuta pakiti kwa siku, ya kwanza kabla hata hujanawa uso, na kila ukiacha unarudi siku ya tatu, kijiweni kwenye kahawa. Usijilaumu. Arosto ya nikotini, yaani taabu ya mwili unapodai kilevi cha sigara, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka taratibu kwa wiki 2 hadi 4.

Chagua tarehe ndani ya wiki 2 zijazo. Hadi hapo, andika kila sigara: saa, mahali, uliyekuwa naye. Usiku wa mwisho tupa zote pamoja na kiberiti; ile moja ya akiba ndiyo inayorudisha watu.

Kwa kuwa unavuta mara tu unapoamka, ulizia duka la dawa chingamu ya nikotini ya mg 4. Wengi huitafuna haraka kama chingamu ya kawaida, wakapata kwikwi na kichefuchefu, wakaitupa. Tafuna polepole mpaka iwashe, ibane kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena, kwa dakika 30. Usinywe kahawa dakika 15 kabla yake wala ukiwa nayo mdomoni: huzuia nikotini kufyonzwa. Kahawa yenyewe punguza nusu, kwani bila moshi wa sigara mwili huchelewa kuiondoa, nawe utakosa usingizi ukidhani ni arosto.

Muone daktari kwanza kama una ugonjwa wa moyo, au unatumia theofilini ya pumu au dawa za magonjwa ya akili: huenda dozi ikabidi ibadilishwe. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au chenye damu, kapime kifua kikuu bila kusubiri tarehe yako.