Dirisha kwanza, mtoto baadaye: kupiga picha za nyumbani bila kuwapanga watu

Ukiingia nyumba ya watu mitaa ya Nairobi kama Umoja au South B na kamera shingoni, utaambiwa kwanza kwamba nyumba haijapangwa. Kisha mtoto ataitwa abadilishwe nguo. Yazuie yote mawili mapema, kwa simu, siku moja kabla: nyumba ibaki ilivyo, nguo za Jumapili zibaki kabatini, na kama ni siku ya kufua, wafue. Mwambie mama waziwazi kwamba hakuna atakayeombwa kutazama kamera, na kwamba utakaa saa tatu au nne. Asipojua hilo, baada ya dakika ishirini atadhani umemaliza na ataanza kukuaga.

Anayeanza humkimbiza mtoto. Mtoto yuko jikoni, naye yuko jikoni. Mtoto katoka balkoni, naye mbio. Jioni anarudi na picha mia mbili za visogo. Fanya kinyume chake. Tafuta mahali penye mwanga mzuri, keti hapo, ngoja. Nyumba nyingi za jiji hili ni ndogo, na nusu saa haipiti kabla kila mtu hajapita mbele yako angalau mara moja.

Ni dirisha lipi la kukaa? Makala nyingi za mtandaoni husifu dirisha linalotazama kaskazini, kwamba mwanga wake ni laini siku zote. Hiyo ni kweli kwa London. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo tu, kwa hiyo tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini. Dirisha lililokupa mwanga mtulivu Desemba linaweza kukumwagia jua kali mwezi wa Juni. La mashariki lifanyie kazi alasiri, la magharibi asubuhi. Julai, mawingu yakitanda kutwa, lolote linafaa, na kwa kazi hii baridi ile ni neema. Jua likiingia moja kwa moja, funga pazia jepesi la ndani na uache zito wazi. Pazia jeupe hulainisha mwanga kuliko kifaa chochote utakachobeba. Katika ghorofa za chini za mtaa wa Pipeline, ambako jengo limebanana na jengo, usihangaike na dirisha. Fungua mlango wa korido au wa balkoni na ukae ubavuni mwake.

Usikae dirisha likiwa nyuma yako, maana nyuso zitatoka bapa. Kaa ili mwanga upige watu kwa ubavu, nusu ya uso ing'ae na nusu iingie kivulini.

Kwenye kamera, lenzi ya milimita 35 inatosha, au 23 kama kihisi cha kamera ni cha APS-C, yaani kidogo kuliko cha fremu nzima. Lenzi ndefu ya kuvizia kutoka pembeni iache: sebuleni haina nafasi, na picha zake huonekana kama za mpelelezi. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia) 1/250 ya sekunde kwa watoto na 1/125 kwa mtu anayepika au kufuma, upenyo wa lenzi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi), na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, ijichague yenyewe mpaka 6400. Ukisimama, utapata picha za utosi. Piga goti, macho ya mtoto wa miaka mitatu yako chini ya mita moja kutoka sakafuni.

Kisha mwangaza wa uso. Kamera haijui kilicho muhimu, inatafuta wastani tu. Mtu mweusi akikaa mbele ya dirisha au ukuta mweupe, kamera itamzamisha gizani, kwa hiyo ongeza fidia ya mwangaza (ile alama ya +/- kwenye kamera) +1 au zaidi kidogo. Akikaa kwenye kochi jeusi, itampausha, punguza 2/3. Flashi ya juu ya kamera usiiguse kabisa. Watoto wetu hupakwa mafuta ya mgando asubuhi, na flashi huyageuza kuwa doa jeupe katikati ya paji la uso. Chini ya mwanga wa dirisha mafuta hayohayo hung'aa vizuri ajabu, basi usithubutu kuomba yafutwe.

Asubuhi ya shule ina picha tamu kuliko wakati mwingine wowote, na mwanga mbaya kuliko wote. Jua la Nairobi huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, likiwahi au kuchelewa kwa dakika 20 tu, na mabasi mengi ya shule hayalingoji. Uji, viatu na kuchana nywele vyote hufanyika chini ya taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde, kila mmoja na vilele viwili), na taa nyingi za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Ukipiga kwa 1/250, kamera inanasa kipande tu cha mzunguko huo: picha hii ina mwanga, inayofuata imefifia, au michirizi ya giza inakata ukuta. Shuka hadi 1/100, ikibidi 1/50, na ufungue upenyo mpaka f/2. Zima shata ya kielektroniki ya kimyakimya, kwa sababu ndiyo inayoleta michirizi mingi zaidi. Mlio wa shata ya kawaida husahaulika upesi. Kwa 1/100 mtoto anayekimbia atatoka ukungu. Basi mngoje pale anapotulia: ameinua mguu avishwe soksi, ameshikwa kidevu afutwe uji.

Kukipambazuka, omba taa izimwe. Njano ya taa na samawati ya dirisha zikikutana kwenye shavu moja, hakuna programu itakayozipatanisha. Angalia na ukuta pia: rangi ya mafuta ya kijani au ya buluu hurudisha rangi yake usoni mwa anayeuegemea. Sogea wewe, yeye mwache.

Chagua shughuli zinazojirudia, kwa kuwa hukupa nafasi ya kukosea. Bora kuliko zote ni kusuka nywele: saa mbili au tatu, mama kwenye kiti, binti katikati ya magoti yake, wote wawili hawaondoki. Mwanzoni binti atakutazama. Baada ya nusu saa atasinzia au atakunja uso kwa maumivu, na mama hatakukumbuka tena. Fokasi iwe kwenye jicho la binti, mikono ya mama ijae juu ya fremu. Kusonga ugali ni kinyume chake: mambo ni ya dakika chache, na mvuke huonekana tu ukiwa na mwanga nyuma yake. Kaa upande wa pili wa meko ukitazama dirisha, si karibu mno, kwa sababu lenzi yenye ukungu wa mvuke ukiifuta kwa shati unaongeza mafuta ya kupikia. Nguo zikianikwa juu ya paa saa sita mchana, jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni. Ingia kati ya shuka zilizoanikwa, humo mwanga ni laini.

Watoto watakuja kupiga pozi na kuonyesha vidole viwili. Usiwakemee wala usijifanye huwaoni. Wapige hiyo picha, waonyeshe, mpe kila mmoja nafasi ya kubonyeza mara moja kamba ikiwa shingoni mwake, kisha rudi kwenye kiti chako. Chai ukikaribishwa, kunywa. Mgeni mwenye kikombe mkononi hamwogopeshi mtu.

Kwa simu, futa lenzi kwanza, bonyeza uso mpaka fokasi na mwangaza vifungwe, na ubaki kwenye lenzi kuu. Modi ya usiku huacha shata wazi kwa muda, na mtoto hatulii muda huo wote. Ile ya kutia ukungu mandhari ya nyuma hukata nywele za watoto vibaya.

Ruhusa ya mama haitoshi kwa kila mtu aliyemo. Dada wa kazi muulize mwenyewe, pembeni, mwajiri asiposikia. Mara nyingi yeye ndiye aliye kwenye picha nyingi na ndiye hajaulizwa. Watoto wa majirani huingia kutoka korido, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mtoto akioga, weka kamera chini hata kama mama anacheka. Kabla ya kuchapisha lolote, tazama beji ya sare na namba ya mlango, visije vikaonyesha mtoto anasoma au anaishi wapi.

Saa nne za kazi huleta fremu 700 hivi. Peleka 50. Zilale usiku mmoja kwenye diski mbili tofauti kabla hujafuta kadi. Zitume kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, la sivyo zitabanwa. Na utoe angalau kumi za karatasi, inchi 6 kwa 4. Nyuma andika majina na tarehe kwa penseli laini; wino hupenya, na kalamu ngumu huacha alama usoni mwa mtu.