Kupona Maumivu ya Kiuno kwa Tiba ya Kairopraktiki: Yale ya Kutarajia

Hapa Iowa, Marekani, ambako ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee, maumivu ya kiuno ni sehemu ya ajira, kwa kuwa kutwa tunawanyanyua watu wazima kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Kliniki za kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha viungo vya mgongo kwa mikono, haziko mbali, na si ajabu, kwani tiba hii ilianzia humu humu jimboni, mjini Davenport, mwaka 1895, mikononi mwa Daniel David Palmer. Waswahili wenzangu huniuliza kama inafaa, nami huwajibu kwamba inasaidia, ila wasitegemee kulala kitandani kwa tabibu na kuinuka wazima.

Siku ya kwanza tarajia kuulizwa mengi kabla ya kuguswa. Tabibu makini atataka kujua kama ulianguka, kama umewahi kuugua saratani au udhaifu wa mifupa, na kama una homa au umekonda bila sababu. Kisha atakulaza chali, akuinue mguu ukiwa umenyooka huku akiuliza maumivu yanashuka hadi wapi, akugonge goti kwa kinyundo, na akutake uinue kidole gumba cha mguu huku yeye akikizuia. Akitaka kukunyonga kiuno kabla ya hayo, vaa viatu uondoke.

Halafu kuna ule mlio. Unalazwa ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa, tabibu anasukuma mara moja kwa haraka, na unasikia kitu kikialika. Huo si mfupa uliorudi mahali pake, ingawa wengi huamini hivyo na baadhi ya matabibu hawawasahihishi. Ni gesi inayojitokeza ndani ya majimaji ya kiungo kinapofunguka ghafla, na hata usiposikia mlio hujapunjwa.

Nilipotibiwa mimi, kesho yake nyama za mgongo ziliniuma kama za mtu aliyeshika jembe baada ya muda mrefu, jambo ambalo ni la kawaida na huisha baada ya siku moja au mbili. Nafuu yenyewe haikuanza na maumivu kwisha, bali na kuweza kuvaa soksi bila kushikilia ukuta na kujigeuza usiku bila kuamka. Maumivu yaliyokuwa yakishuka pajani yalipanda yakabaki kiunoni, nami nikadhani hali imezidi, kumbe mara nyingi hiyo ni dalili njema. Hata hivyo, zamu moja ndefu ilitosha kuyaamsha tena.

Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, hivyo si rahisi kujua sifa apewe nani. Kwa maoni yangu, mikono ya tabibu ilinipa nafasi ya kujongea, na kutembea kila siku ndiko kulikofanya kazi kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba hii ya mikono pamoja na elimu na mazoezi, lakini haupendekezi mikanda ya kiuno, ile tunayoifunga kazini kwa imani kubwa.

Kliniki moja ilitaka nilipie mapema matibabu ya miezi kadhaa, nikakataa. Muulize tabibu atapima nini ili ajue unaendelea vizuri, na ataacha lini usipopata nafuu. Shingo yangu siruhusu izungushwe kwa ghafla, kwa sababu upo uwezekano, ingawa ni nadra, wa kuchanika mshipa upelekao damu kwenye ubongo. Na ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikalegea, usingoje miadi ya tabibu yeyote. Nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo.