Roadster iliyokuja na matairi ya theluji: kwa Dodoma yatoe

Mkuu, nimekuelewa hivi: Mazda Roadster ya toleo la ND (gari dogo la wazi la viti viwili), injini ya 1.5, imetoka Japani na matairi ya theluji, kashata (mpira unaokanyaga barabara) bado nene, dalali anasema tairi lenye mipasuo mingi namna ile ndilo zuri kwa mvua, na wewe unataka kuyatumia msimu huu wa mvua Dodoma mpaka yaishe. Usiyatumie. Unene wa kashata haukusaidii kitu kama mpira wenyewe haukutengenezwa kwa nchi hii.

Kwanza thibitisha ulichonacho. Soma ubavuni. Tairi la theluji la Kijapani mara nyingi limeandikwa STUDLESS, na mengi yana mchoro wa mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake si uthibitisho, maana hata matairi ya SUV yasiyojua theluji huwa nayo. Kisha angalia mwisho wa saizi: la theluji kwa kawaida litasoma 195/50R16 84Q, wakati lile la kiwandani la ND ni 84V. Herufi ni mwisho wa spidi ya tairi: Q ni kilomita 160 kwa saa, V ni 240. Namba 84 ni mzigo, kilo 500 kwa kila tairi. Gari lako lina uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo manne yanabeba mara mbili ya linavyohitaji. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mpira wa theluji umechanganywa ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Bridgestone Blizzak, kwa mfano, una vitundu vidogo ndani ya mpira vya kunyonya utando wa maji juu ya barafu. Dodoma hata alfajiri ya Julai huwa iko juu ya nyuzi 7, na lami ya mchana wa Oktoba inapita 50. Kwenye joto hilo vile vipande vya kashata vilivyochanwachanwa vinalegea na kuyumba. Ukikata kona, usukani unatangulia na gari linafuata baadaye. Breki zinaomba umbali mrefu zaidi, kwenye lami kavu na kwenye lami iliyolowa pia, kwa sababu mipasuo ile ni ya kung'ata barafu. Kazi ya kuondoa maji mengi ni ya mifereji mipana. Ukiingia barabara ya changarawe, vipande vinameguka. Kwa gari la kawaida la mjini ungevumilia. Gari jepesi linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma halifichi kasoro ya tairi, linakuletea moja kwa moja kiunoni.

Wapo watakaokuambia uyaweke kwa safari za Njombe na Makete kwa sababu kule kuna baridi. Sakitu ya Kitulo ipo kweli, lakini inapiga nyasi kuliko lami, na jua likichomoza imekwisha. Tairi hili ni la Hokkaido, kaskazini mwa Japani, au Ujerumani, ambako kwenye barabara yenye theluji au barafu sheria inalitaka, na tangu Oktoba 2024 wanakubali lenye mchoro wa mlima tu. Huko mwenye ND ya rimu 17 yenye 205/45R17 hushuka hadi 195/50R16 wakati wa baridi, kwa sababu tairi jembamba linazama kwenye theluji na kushika chini.

Sasa ununue nini. Baki na saizi ya kiwandani, 195/50R16. Tatizo ni kwamba madukani utakuta 205/55R16 zimejaa, na utaambiwa inaingia. Fanya hesabu: ya kwako ina kipenyo cha milimita 601, ile ni 632. Hiyo ni asilimia 5. Dashibodi ikisoma 50, unakwenda zaidi ya 52, na trafiki mwenye tochi hasikilizi hesabu za rimu. Gia zote zinakuwa nzito kwa injini ya 1.5, na usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi linaweza kugusa. Unachopata ni milimita 15 tu za kuvuka matuta. Ukikosa kabisa ya kwako, 195/55R16 inavumilika: kipenyo 621, chini inainuka milimita 10. Bora kuagiza Dar na kusubiri.

Usikubali tairi lenye C au LT kwa hoja kwamba ni gumu. Ni gumu kweli, ndilo tatizo. Tairi la kubeba mzigo halikunji ubavu chini ya gari jepesi, kwa hiyo kwenye lami yenye mawimbi gari linarukaruka badala ya kukanyaga. Hata XL (lililoimarishwa libebe zaidi) hulihitaji, kilo 500 zinatosha. Upande wa pili, matairi ya mashindano yenye treadwear 200 (kipimo cha kudumu kwa kashata; namba ndogo huisha haraka) na mifereji michache yanapendeza kwenye picha, ila yanaokota kokoto na kwenye madimbwi yanaelea mapema. Chagua tairi la kiangazi la kawaida la barabarani, lenye mifereji mipana mitatu au minne inayozunguka tairi zima. Likiwa na lebo ya Ulaya, tafuta A au B penye mchoro wa wingu la mvua.

Yawe manne ya aina moja. Kuweka mapya mawili na kubakiza mawili ya theluji ni kutafuta ajali, hasa ya theluji yakibaki nyuma: mbele inashika, nyuma inateleza, na gari linajizungusha lenyewe.

Tarehe ya kutengenezwa iko ubavuni, namba 4 za mwisho baada ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin wanasema likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika 10. Kwa jua la hapa mimi naishia 6. Ya mtumba yaliyokaa nje ya duka yakipigwa na jua yana nyufa ndogo shingoni mwa kashata. Bonyeza kwa kidole gumba utaziona.

Upepo ndio watu wanapoharibu kila kitu. Kiwango cha ND kwa saizi hii ni kPa 200, yaani psi 29, na kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Fundi wa pancha atakujazia 38 bila kuuliza kwa sababu amezoea Noah. Kwa 38 gari lako linakanyaga katikati ya tairi tu na kwenye matuta linadunda. Ukiacha ishuke nayo ni hatari: kwa kanuni ya NASA iliyotokana na matairi ya ndege, tairi huanza kuelea juu ya maji kwa spidi inayotegemea upepo wake. Kwa psi 29 inakuja kama kilomita 90 kwa saa, kwa psi 22 ni 78. Ichukue kama makadirio ya tairi lililokwisha kashata kwenye maji yaliyotuama. Ukitoka Dar umejaza 29, hapa kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi geji itasoma karibu 31 bila kuongeza chochote, na kila nyuzi 10 za joto huongeza kama psi 1 na nusu. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi asimalizie kwa mashine. Akaze kwa mkono, kwa kuvusha (nati moja, kisha inayotazamana nayo), halafu spana ya kupimia: ND ni Nm 108 hadi 147, weka 120. Rudia kukaza baada ya kilomita 100. Balansi na alaimenti zifanyike siku hiyo hiyo. Kilomita 200 za kwanza nenda taratibu, maana uso wa tairi jipya bado unateleza.

Mwisho ni miiba ya migunga, na ND haina spea, ina chupa ya dawa na pampu tu. Angalia tarehe ya mwisho ya ile chupa, huenda ilishapita Japani. Mwiba ukiingia usiuchomoe barabarani kama upepo haushuki kwa kasi. Kashata inazibwa kwa kiraka cha ndani, ubavu hauzibwi. Na fundi akikushauri uweke tyubu ndani, kataa: tairi fupi la tyubulesi likiwekwa tyubu linasugua na kuchemka, na litapasukia njia ya Gairo mchana wa saa nane.

Ya theluji usimuuzie mtu kama matairi ya mvua. Mwenye mkokoteni atayachukua kwa furaha.