Mzee aliyepigana Kagera: wetu alifunguka tukimenya karanga

Mkuu, umesema baba yako alipigana Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, umri umemtupa mkono, na kila ukimuuliza anajibu "tulipigana, tukarudi", basi. Nimepita hapo hapo na baba yangu mkubwa, yuko kijijini huko Mpwapwa.

Tulikosea mwanzoni. Tulimkalisha kwenye kiti, simu mbele yake, maswali yameandikwa kwenye karatasi. Aliona kama yuko kituoni anatoa maelezo. Akajibu matatu, akaomba maji ya kunywa, akaenda kulala.

Kilichomfungua ni karanga. Siku moja tulikuwa barazani tunamenya za mbegu, kila mtu mikono ina kazi, hakuna anayemtazama usoni. Binti yangu akauliza, "Babu, kule vitani mlikuwa mnakula nini?" Mzee akacheka, akaanza habari za ndizi. Mgogo aliyekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda anafika Kagera, anakuta ndizi ndiyo chakula chenyewe! Kutoka kwenye ndizi akaingia kwenye matope, kutoka kwenye matope akafika mtoni Kyaka, daraja limelipuliwa na askari wa Amin, jeshi linavuka kwenye daraja la muda. Akapanga maganda ya karanga sakafuni: "Huu mto." Akaweka mengine pembeni: "Sisi hapa." Hadi jioni sakafu yote imekuwa ramani, na mama mkubwa kakatazwa kufagia. Niliipiga picha. Sina picha ninayoithamini kuliko ile.

Tarehe usimsumbue nazo. Wazee hawa wanakumbuka kwa mvua, kwa viatu vilivyooza, kwa nani alikuwa bado hai. Tarehe ziwe kichwani mwako wewe: uvamizi mwishoni mwa Oktoba 1978, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya "nia tunayo" tarehe 2 Novemba, halafu mapigano ndani ya Uganda: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi, Kampala 11 Aprili. Muulize, "Hilo lilikuwa kabla ya Masaka au baada?" Anakujibu papo hapo, na wewe unaandika pembeni.

Ya Lukaya baba mkubwa hasimulii. Nilimuuliza mara moja tu, mikono ikasimama, karanga ikabaki kati ya vidole. Nikanyamaza. Sijarudia, na nakuomba kwa baba yako pia, akifika mahali pa namna hiyo, mwache. Si kila alichobeba ni lazima tukirithi.

Rekodi zitunze kuliko nilivyotunza mimi. Mazungumzo ya kwanza, saa nzima, yalipotea simu ilipotumbukia kwenye ndoo na sikuwa nimehamisha chochote. Alinisimulia tena, lakini ule wimbo waliouimba kwenye lori safari hii hakuukumbuka. Unaniuma hadi leo. Sasa kila rekodi ina nakala tatu, kwa watu watatu, nyumba tofauti.

Halafu Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Mwaka mmoja tulimleta Dodoma mjini, medali kaibandika kwenye koti. Tarumbeta lilipolia alinishika bega, akasimama wima hadi mwisho, mtu ambaye nyumbani hainuki bila mkongojo. Ila muulize baba yako kwanza, wengine hawataki umati.

La mwisho, mwambie akutajie majina ya wenzake. Baba mkubwa alitaja kumi na mmoja, tukayaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino, na mahali kila mmoja alikotoka. Mmoja, kijana wa Singida waliyelala naye handaki moja, hakurudi. Mzee anataka kujua kama kalazwa Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Tunachanga nauli, na binti yangu kasema yeye ndiye atakayebeba daftari.