Maswali na Majibu: Safari ya Familia Vegreville, Mji wa Yai Kubwa

Kiangazi hiki tulitoka Edmonton tukiwa watu sita, kuanzia mama mkwe wangu hadi kitinda mimba wetu wa miaka 6, tukaenda Vegreville, mji mdogo wa jimbo la Alberta, Kanada, ambako wazao wa wahamiaji wa Ukraine wameacha alama kubwa, ikiwemo sanamu kubwa ya yai. Haya ni maswali ambayo wasomaji wamenitumia tangu niitaje safari hiyo.

*Hilo yai lina ukubwa gani, na kwa nini likajengwa?*

Lina urefu wa mita 7.8, upana wa mita 5.5 na uzito unaozidi kilo 2,200. Lilikamilishwa mwaka 1975 kuadhimisha miaka 100 ya polisi wapanda farasi wa Kanada katika Alberta, na wenyeji wakachagua pysanka, yaani yai lenye nakshi la Waukraine, liwe ukumbusho huo. Paul Maxum Sembaliuk alibuni nakshi, naye Ronald Resch, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Utah, akakokotoa namna ya kuunganisha vipande bapa vya alumini hadi vikafanya mviringo wa yai. Upepo ukivuma, yai zima hugeuka polepole juu ya nguzo yake; kitinda mimba wetu alilala chali kwenye nyasi akilitazama, wala hakutaka kuondoka.

*Waukraine walifuata nini huko kwenye baridi?*

Ardhi. Mwaka 1891 Ivan Pylypow na Wasyl Eleniak walitoka kijiji cha Nebyliv, katika Galicia, eneo la Waukraine lililokuwa chini ya Austria-Hungaria, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa warithi hadi yakawa vishamba visivyolisha familia. Kanada ilikuwa ikitoa ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba mtu afyeke, alime na ajenge, na habari hiyo ilipofika vijijini watu walifunga safari kwa maelfu. Naomba wasomaji wasiishie kwenye sehemu hiyo ya kupendeza, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, wengi wa watu hawa walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui kwa sababu ya hati zao za Austria, na maelfu wakawekwa kizuizini katika kambi. Mama mkwe, ambaye aliwahi kuishi kambini kama mkimbizi, alinitaka nimtafsirie habari hiyo mara mbili.

*Nina watoto na mzee. Je, yai peke yake linatosha kwa siku nzima?*

Halitoshi, na ndiyo maana nashauri muanzie kwenye Kijiji cha Urithi wa Utamaduni wa Ukraine, kilichopo kando ya barabara kuu namba 16, takriban kilomita 50 mashariki mwa Edmonton, kabla hamjafika Vegreville. Huko kuna majengo ya kale zaidi ya 30, yakiwemo makanisa yenye kuba, na pia burdei, makao ya kwanza ya wahamiaji, yaliyochimbwa nusu ardhini na kuezekwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Wafanyakazi huishi uhusika wa watu wa zama zile, hivyo binti yangu alipomwonyesha mama mmoja simu yake, yule mama alimwuliza kwa upole kama hicho ni kioo cha kujitazamia. Kwa mzee, chukueni kiti cha kukunja, maana mwendo wa miguu ni mrefu.

*Sisi ni Waislamu. Tutakula nini?*

Kovbasa ni soseji ambayo kwa kawaida ni ya nguruwe, basi iacheni. Varenyky, vinyunga vya unga vilivyojazwa viazi au jibini na kuchemshwa, havina nyama ndani, lakini mara nyingi hunyunyiziwa vitunguu vilivyokaangwa pamoja na nyama ya nguruwe; ombeni siagi tupu, na mwulize pia mafuta yaliyotumika.

*Watoto wanaweza kujifunza kutengeneza pysanka?*

Wanaweza, na kwangu hilo ndilo lililokuwa kiini cha safari. Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kiukraine chenye maana ya kuandika, na kazi inafanana na batiki: unapasha kijiti chenye faneli ndogo ya shaba kwenye mwali wa mshumaa, unachota nta ya nyuki, unachora mstari juu ya yai, kisha unalitumbukiza kwenye rangi, ukianza na hafifu na kumalizia na iliyokolea. Mwishoni yai huwa limefunikwa nta nyeusi, halina sura. Binti yangu alidhani ameliharibu, hadi mwalimu alipolisogeza kando ya mwali na kulifuta kwa kitambaa, na nyota za njano zikajitokeza moja baada ya nyingine. UNESCO iliuorodhesha ufundi huu kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2024.

*Twende lini?*

Kijiji hufunguliwa kwa wageni kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Yai lipo nje mwaka mzima, ila Januari hamtalitazama kwa zaidi ya dakika tano.