Maswali na majibu: Kinachohesabiwa na kinacholipwa

Video yangu ya Shorts (zile video fupi za YouTube) imetazamwa mara 400,000. Mbona zile saa 4,000 za YouTube hazisogei? (Kahama)

Hazisogei kwa sababu Shorts zinazotazamwa kwenye mlisho wake haziingii kwenye saa hizo. Ukishafikisha wafuatiliaji 1,000, milango ya kulipwa matangazo ni miwili: saa 4,000 za video ndefu ndani ya miezi 12, au Shorts kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Huchanganyi nusu ya huku na nusu ya kule.

Tena hiyo 400,000 usiiamini sana. Tangu 31 Machi 2025 YouTube inahesabu Shorts pindi inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha kwa kidole papo hapo, na ikijirudia inahesabiwa tena. Malipo na ile milioni 10 vinafuata hesabu nyingine, ya waliobaki kutazama. Iko kwenye Takwimu ndani ya YouTube Studio. Ifungue kabla hujawatangazia watu kwamba umevuma.

Sasa piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama watu wanakaa kwa wastani wa dakika 2, unahitaji kutazamwa mara 120,000. Wakikaa 4, mara 60,000. Ukiwashikilia wale wale waliokwisha kufungua kwa dakika 2 zaidi, umeikata safari nusu bila kuongeza hata video moja.

Video ikitazamwa mara 1,000 nalipwa shilingi ngapi? (Wengi, kila wiki)

Hakuna bei hiyo, na jibu limeshatolewa hapa mara nyingi mno. YouTube inagawana nawe pesa ya tangazo: 55% ni yako kwa video ndefu, na 45% ya fungu unalogawiwa kwa Shorts. Mtangazaji hamlipii mtazamaji wa Songea sawa na wa Ujerumani. Soma RPM ya chaneli yako, yaani wastani wa unachopata kwa kila kutazamwa mara 1,000; ya jirani haikuhusu.

Nimesikia video ikifika dakika 8 inalipa zaidi. Yangu ya mandazi ni dakika 5. Niivute? (Tanga)

Usiivute. Ni kweli tangu Julai 2020 video ya dakika 8 au zaidi inaruhusiwa matangazo ya katikati. Kabla ya hapo zilitakiwa 10. Tangu hapo tumejaziwa mapishi ya dakika 8 na sekunde 3 yenye chakula cha dakika 4. Lakini tangazo la dakika ya 5 halimlipi mtu kama mtazamaji ameondoka dakika ya 2.

Fungua mchoro wa uhifadhi wa watazamaji, unaoonyesha wangapi bado wanatazama kila sekunde, uangalie sekunde 30 za mwanzo. Mara nyingi mstari unaporomoka pale pale penye "karibuni tena kwenye chaneli yetu, usisahau kugonga kengele", huku unga uko kwenye bakuli unangoja. Anza na andazi limepasuliwa, tundu lake la ndani likionekana, halafu mikono iingie kwenye unga. Salamu ziweke baadaye, au zisiwepo.

Kama una cha kusema cha kujaza dakika 8, kiseme: kwa nini mengine hayaumuki, unga upumzike kiasi gani, mafuta yakiwa baridi andazi linanyonya, yakiwa moto kupita kiasi linaungua nje na kubaki bichi ndani. Hayo ndiyo watu wanayarudia kutazama. Tangazo liweke wewe mwenyewe pale unapofunika unga ukae. Usiliweke andazi likiwa linageuzwa kwenye mafuta, maana hapo ndipo mtu anapofunga simu. Tangu Mei 2025 YouTube yenyewe inapendelea matangazo yanayoangukia kwenye mapumziko ya aina hiyo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp tunasabskraibiana. Kuna ubaya? (Dodoma)

Upo. Sheria za YouTube zinakataza, na wafuatiliaji 800 wasiokutazama hawakupi hata saa moja. Toka kwenye kundi hilo leo.

Nina wafuasi 60,000 TikTok lakini sioni mpango wa malipo. Kuna mtu anauza akaunti ya Uingereza. (Mombasa)

Usinunue. Mpango wa sasa, uliozinduliwa 2024, unataka video ya zaidi ya dakika 1, wafuasi 10,000 na kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30, lakini unafunguliwa kwa nchi, na ulipoanza Kenya na Tanzania hazikuwamo. Akaunti ya kununua itakwama siku ya kuthibitisha kitambulisho, na kazi yako yote itabaki mikononi mwa muuzaji.

Wafuasi 60,000 wanauzika kwa makampuni ya hapo hapo Mombasa. Andikianeni mkataba: video ngapi, zikae siku ngapi, marekebisho mangapi bila nyongeza, na je, kampuni inaruhusiwa kuichukua video yako iifanye tangazo lake? Hicho cha mwisho kina bei yake peke yake, na vijana wengi wanakitoa bure bila kujua. Dai nusu ya malipo kabla ya kurekodi, na weka alama ya tangazo la kulipiwa.

Ninasoma habari za mastaa kwa sauti ya kompyuta juu ya picha. YouTube wamekataa kunilipa, kisa? (Mwanza)

Kisa ni hicho ulichokitaja. Julai 2025 YouTube iliifafanua zaidi sheria ya maudhui yanayozalishwa kwa wingi na kujirudia. Ukiona wamekosea, kata rufaa ndani ya siku 21. La sivyo, baada ya kukataliwa mara ya kwanza unaomba tena siku 30 zikipita. Siku hizo zitumie kuondoa video za picha za watu na kuweka sauti yako, hoja yako na picha ulizopiga. Na kwa kuwa uko Tanzania na unarusha habari, ulizia leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hawajakuulizia wewe.

PIN ya AdSense, akaunti ya Google ninayolipwa kupitia kwayo, haijafika. (Mbeya)

Inatumwa kwa posta ukifikisha dola 10. Hakikisha umeandika S.L.P. unayoifungua, kwani usipoiingiza PIN hiyo ndani ya miezi 4 matangazo yanasimamishwa. Wakati unangoja, jaza fomu ya kodi ya Marekani: usipoijaza, Google inaweza kukata hadi 24% ya mapato yako yote, hata ya watazamaji wa Mbeya. Ukiijaza, makato yanabaki kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani tu.